Grili ya Zamani Haitupwi

Leo nataka tuzungumzie grili ya gari la zamani, ile shoo ya plastiki inayokaa katikati ya taa za mbele: namna inavyovunjika, inavyotengenezwa, na inavyopakwa rangi upya ikakaa. Naanza kwa kusema ninakoelekea. Grili nyingi zinazotupwa jalalani zingeweza kupona. Na nyingi kati ya zile zinazopakwa rangi leo zikabambuka kabla mwaka haujaisha hazikuharibiwa na rangi. Ziliharibiwa na kazi iliyorukwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Pengine yupo anayejiuliza kwa nini tuhangaike na kipande cha plastiki, ilhali gari la zamani lina mambo chungu nzima ya kutengeneza. Sababu ni hii. Bati likioza, fundi bodi atalikata, ataunga jingine, atachomelea na kulinyoosha. Injini ikichoka, wapo mafundi wa kukereza watakaoirudisha kwenye vipimo. Viti vikichanika, mshonaji yupo. Plastiki ndiyo isiyo na mwenyewe. Fundi bodi anasema hilo si bati, fundi injini anasema huo ni urembo, na muuza vipuri anakwambia kiwanda kiliacha kuitoa siku nyingi. Mwisho wake gari linafungwa waya wa kuku mbele, au linaachwa wazi, rejeta ikipigwa na kila kokoto la barabarani. Sura ya gari imepotea, na rejeta nayo iko mashakani.

Chukueni Peugeot 504, gari ambalo aliyekulia Kenya miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kuelezwa. Lilizinduliwa mwaka 1968, bodi yake ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson na Arne Hertz walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na lile la milango miwili lenye injini ya V6. Huku kwetu zile ndefu za abiria ziliwatoa watu Nairobi na kuwafikisha miji ya mbali, na pickup zake zikabeba maziwa, kabichi, mbuzi na saruji. Kenya iliziunganisha kwa maelfu, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza zile za saluni mwaka 1983. Matoleo ya mwanzo yalikuja na grili ya madini yenye kung'aa. Ya baadaye, pamoja na pickup nyingi, yakaja na grili ya plastiki nyeusi, simba wa Peugeot akiwa katikati.

Pickup hizo bado zinafanya kazi, na hapo ndipo habari yetu inapotofautiana na ya wenzetu wa Ulaya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linasema gari la kihistoria ni lile lenye umri usiopungua miaka 30, lililotunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisilotumika kama usafiri wa kila siku. Kwa kipimo hicho, 504 inayoshusha nyanya sokoni alfajiri haihesabiwi. Lakini mwenye gari hilo anayahitaji maarifa haya kuliko mwenye gari linalolala chini ya turubai likisubiri maonyesho ya Concours pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. La huyu wa pili linatolewa nje likiwa limekwisha kusuguliwa. La yule wa kwanza linakutana na kokoto, jua, tope na fahali wa sokoni kila siku ya Mungu.

Tuiangalie plastiki yenyewe. Zamani grili zilikuwa za bati lililopakwa kromu, za alumini, au za zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Miaka ya 1960 viwanda vikajua namna ya kupaka kromu halisi juu ya plastiki iitwayo ABS: inatiwa kwanza kwenye tindikali inayochimba vishimo vidogo sana usoni mwake, madini yakapata pa kushika. Zinki ni nzito zaidi ya mara 6 kuliko ABS ya ujazo ule ule. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, kila kilo ndani ya gari ikaanza kuhesabiwa, na plastiki ikazidi kushika nafasi ya chuma. Kwa hiyo anayesema grili ya plastiki ni ya bandia, kwamba gari la kweli lina grili ya chuma, amekosea. Kama gari lako lilitoka kiwandani na plastiki, plastiki hiyo ndiyo asili yake, na inastahili kutunzwa kama kitu cha asili.

Adui mkubwa wa plastiki hii ni jua. ABS imeundwa kwa vitu vitatu, na kimojawapo ni mpira wa butadieni. Mpira huo ndio unaoiwezesha ABS kupigwa na isivunjike. Ndio huo huo ambao miale ya jua na oksijeni ya hewani huushambulia kwanza. Uso unapauka, ukiupitisha kidole unatoa unga mweupe, kisha vinakuja vijiufa vidogo, na siku kokoto likiruka, kijiti kimoja kinakatika. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunaijua kazi ya jua hilo kwenye mabeseni na viti vya plastiki vya nyumbani. Lakini katika ubaya huu kuna jambo la kushukuru. Jua hula kutoka juu kwenda ndani, na mara nyingi iliyokufa ni ngozi nyembamba tu. Chini yake kuna plastiki nzima. Kazi ya ukarabati ni kuiondoa ile iliyokufa, kuifikia iliyo hai, kisha kuifunika isipigwe tena na jua. Rangi basi ni ngao kabla ya kuwa pambo.

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza ni kuitoa grili bila kuivunja zaidi. Plastiki ya miaka 40 ikiwa baridi hukatika upesi. Kama uko Limuru au Njombe, usiiguse asubuhi na mapema. Liache gari likae juani mpaka grili ishike joto, au ichue kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ndipo ufungue skrubu. Skrubu iliyoshika kutu usiilazimishe. Ipake mafuta ya kulegeza kutu, subiri, rudi tena. Na kila kipande kinachodondoka, hata kikiwa na ukubwa wa ukucha, kiokote ukitie kwenye bahasha. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Jambo la pili ni kuijua plastiki yako, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Geuza grili uangalie mgongoni. Unaweza kukuta herufi zimechapwa ndani ya vimshale viwili: ABS, au PP, yaani polipropilini, au PA, yaani nailoni. Grili za miaka ya 1970 mara nyingi hazina alama yoyote. Usikate tamaa. Kwangua upande wa nyuma upate chembe ndogo, uitie kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni. Ikielea, yaelekea ni polipropilini. Ikizama, yaelekea ni ABS au nailoni. Kisha lowesha pamba kwa asetoni, ile inayotumika kuondolea rangi ya kucha, uguse mahali pasipoonekana. ABS italainika na kunata kidole. Nailoni na polipropilini hazitashtuka.

Majaribio haya huchukua dakika chache, na yanaamua kila kitu kinachofuata. Polipropilini haikubali gundi ya kawaida, wala haikubali rangi mpaka ipakwe praima maalumu ya kuishikisha. Ukiipaka rangi moja kwa moja, itakaa vizuri siku ya kulichukua gari, na siku ya kuosha kwa maji ya presha itatoka kama ngozi ya nyoka. ABS ni mpole zaidi: inaungika, inajazika, inapakika. Fundi anayeshika grili bila kuuliza ni plastiki gani anabahatisha kwa mali ya mtu.

Jambo la tatu ni usafi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, ukiingia kila kona. Usiitie petroli, na thina kali usiifikirie kabisa, kwa maana hula ABS na kuiachia nyufa ndogo ambazo hutaziona mpaka zitakapofunguka. Angalieni sana zile dawa za kung'arishia tairi na dashibodi. Nyingi zina silikoni, na silikoni ikibaki usoni, rangi itajikunja na kuacha vishimo vya duara. Kuna magari yaliyopakwa dawa hizo kila wiki kwa miaka mingi. Grili zake zioshwe tena na tena, zipanguswe kwa kisafishio cha silikoni kinachouzwa na wauza rangi, na msasa usiguse uso mpaka usafi umekamilika. Ukianza na msasa, unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo, na hapo kuitoa ni taabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye grili, ufa hauzibwi kwa kumwagiwa gundi juu. Kwanza unauzuia usiendelee. Tafuta mwisho wake, mahali pale unapokuwa mwembamba kama unywele, utoboe tundu la milimita 2. Nguvu zote za ufa hukusanyika kwenye ncha yake kali, na tundu la duara huzitawanya. Kisha chukua wembe wa ofisini, ufungue mdomo wa ufa kwa umbo la V upande wa nyuma, ili kijazio kipate pa kukaa.

Kijazio bora cha ABS ni ABS yenyewe. Kwangua maganda kutoka kipande kilichovunjika, au kutoka kitu kingine cha ABS. Hata matofali ya kuchezea ya LEGO yanafaa, kwa sababu yametengenezwa kwa ABS tangu mwaka 1963. Tia maganda hayo kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mimina asetoni kidogo, funga, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta yameyeyuka yakawa uji mzito. Sasa pitisha asetoni kwa brashi ndogo kwenye kingo za ufa mpaka zilainike, zibane pamoja, ndipo ujaze uji ule kwenye mdomo wa V, tabaka jembamba baada ya jembamba. Tabaka nene hufunga juu na kuficha asetoni ndani, na asetoni hiyo ikija kutoka, kijazio hunywea na kuacha bonde. Lipe kila tabaka muda wake, na ukimaliza acha siku nzima au zaidi. Asetoni ikishatoka yote, kinachobaki ni plastiki moja. Ufa haukugandishwa na kitu kigeni. Umeunganishwa na mwili wake wenyewe.

Pale panapobeba nguvu, kama kwenye masikio ya skrubu, kuunga peke yake hakutoshi. Weka kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu upande wa nyuma, ukikandamize kwa kile chuma cha moto cha kuchomelea risasi mpaka kizame ndani ya plastiki, kisha ukifunike kwa ule uji wa ABS. Kwa nailoni, gundi ya epoksi ya mirija miwili pamoja na kitambaa cha faiba inaweza kusaidia upande wa nyuma. Kwa polipropilini, njia ya kuaminika ni kuyeyusha na kuunga kwa fimbo ya polipropilini, na mafundi wa bampa wa Kirinyaga Road, Nairobi, wanaoifanya kazi hiyo kila siku wanaijua vizuri.

Itakuwaje kijiti kizima kimepotea? Hapa grili inakusaidia yenyewe, kwa kuwa vijiti vyake vingi hufanana. Chagua kizima, ukizungushie plastisini au silikoni ya kufinyangia, upate kalibu, umwagie epoksi ndani. Kikishakuwa kigumu, kitie mahali pake na ukiunge. Na hapa ndipo ile bahasha ya vipande inapofanya kazi. Kipande cha asili, hata kidogo, kinakupa pembe, unene na mkunjo ambao hutaupata kwa kukisia. Ndiyo maana nasema vipande visitupwe.

Baada ya hapo ni msasa. Anza na namba 240 au 320 pale penye kiungo tu, nenda 400, kisha 600 kwa maji kwenye uso mzima. Usiruke namba kwa kuharakisha, kwa sababu mikwaruzo ya 240 itatokeza ndani ya rangi siku rangi ikikauka na kunywea. Kwenye grili kazi hii inachosha, nakiri, maana kila kijiti kina uso wa juu, wa chini, wa mbele na pembe mbili. Kunja msasa juu ya kipande chembamba cha mbao kinachoingia kati ya vijiti, usitumie kidole. Kidole huchimba katikati na kuacha pembe bila kuguswa, na rangi huanza kubambuka kwenye pembe.

Kama grili yako ilikuwa ya kromu juu ya plastiki na kromu imeanza kuvimba na kubambuka, usiipake rangi juu yake. Kila kinachopakwa juu ya ngozi inayotoka, kitatoka nayo. Sugua mpaka ufike pale kromu iliposhika sawasawa, lainisha ukingo usihisike kwa ukucha, ndipo uendelee. Na msimkubalie mtu anayetaka kuichoma rangi ya unga ya tanuri, ile inayotumika kwenye mageti na rimu. Rangi hiyo huiva kwa joto la nyuzi 160 hadi 200, na ABS hulainika ikikaribia nyuzi 100 hivi. Utaingiza grili tanurini, utatoa donge.

Hatimaye tumefika kwenye rangi. Pangusa vumbi. Puliza praima ya plastiki, nyembamba kabisa, kisha praima ya kujazia, uipitishe msasa wa 600 kwa maji, ndipo rangi yenyewe. Kwenye grili, anza na pembe na mbavu za ndani. Ining'inize, upulize kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka juu na kutoka chini, na uso wa mbele uwe wa mwisho. Anayeanza na uso wa mbele hujikuta anarudia rudia ili afikie mbavu, na mbele rangi inachuruzika. Shika kopo au bunduki umbali wa sentimita 20 hadi 25, mkono ukitembea muda wote, mipigo mitatu minne myepesi, ukipumzisha dakika 10 au 15 kati ya mpigo na mpigo. Na usichague nyeusi ya kung'aa kwa kuwa inapendeza dukani. Grili nyeusi nyingi za zama zile zilitoka kiwandani na mng'ao wa kadiri. Angalia upande wa nyuma ambako jua halikufika, uone kiwanda kilikusudia nini. Kama kuna mistari ya fedha, ifanye baada ya nyeusi kukauka vizuri, kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, na utepe utolewe taratibu kabla rangi ya fedha haijawa ngumu kabisa.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ya alfajiri ina unyevu mwingi, na rangi inayopulizwa wakati huo inaweza kuingia ukungu mweupe. Subiri jua lipande, lakini fanya kazi kivulini. Plastiki nyeusi iliyopigwa na jua la saa sita inakausha rangi kabla haijatandazika, na uso unakuwa na vipele. Mahali penye vumbi, mwaga maji sakafuni kwanza.

Na afya, jamani. Asetoni hushika moto kwa mvuke wake tu. Jiko, sigara na cheche viwe mbali. Rangi za mchanganyiko wa vitu viwili, zile zenye kigumishi, nyingi zina isosianati, sumu inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Kwa asetoni itafutwe barakoa yenye chujio la mkaa, kwa rangi zenye isosianati itafutwe ile inayoletewa hewa safi kwa bomba, na kazi ifanyike penye upepo. Nawaomba wenye gereji: kijana anayejifunza kazi kwako ana mapafu yale yale mawili aliyopewa na Mungu. Mnunulieni barakoa kabla ya kumnunulia bunduki ya rangi.

Kufunga kuna siri moja. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko bati, mara kadhaa. Grili yenye upana wa sentimita 60, ikitoka kwenye ubaridi wa asubuhi wa nyuzi 20 ikafika nyuzi 60 mchana, hurefuka kwa karibu milimita 2. Bati la urefu huo halifiki hata nusu milimita. Ndiyo sababu matundu ya skrubu kwenye grili nyingi yametengenezwa marefu kidogo. Ukikaza skrubu mpaka mwisho, umeinyima grili nafasi ya kutembea, na itapasuka pale pale kwenye sikio ulilolitengeneza kwa taabu. Weka washa ya mpira, kaza mpaka ishike, simama hapo. Na ipe rangi wiki moja kabla ya kuipeleka kuoshwa kwa presha.

Wasikilizaji, nimeeleza kazi hii kwa urefu kwa kusudi. Hesabuni wenyewe: kutambua plastiki, kuosha, kuzuia ufa, kujaza, kusubiri, kusugua, kusugua tena. Rangi ni saa chache mwishoni. Lakini mteja anapoingia gereji huuliza, "Fundi, kupiga rangi hii grili ni bei gani, na naipata saa ngapi?" Analipia saa zile chache, na fundi anafanya saa zile chache. Kisha wote wawili wanalaumu kopo la rangi. Kazi ya maandalizi haionekani ikiisha, na kwa kuwa haionekani, tumezoea kutoilipia. Hilo ndilo linaloua magari yetu ya zamani, na ndilo linalowafanya mafundi wenye uwezo mkubwa waonekane hawajui kazi.

Mwaka 2012 wanachama wa FIVA walipitisha Mkataba wa Turin, unaotaka cha asili kihifadhiwe kwanza, kitengenezwe pale inapobidi, na kibadilishwe kama hakuna njia nyingine. Wazee wetu wa gereji wamekuwa wakifanya hivyo miaka yote kwa sababu kipuri hakikuwepo. Tofauti ni kwamba huko Ulaya kazi hiyo inaitwa uhifadhi na inalipwa, na huku inaitwa kubandika na inadharauliwa. Mimi naona ni kazi ile ile. Anayerudisha grili ya 504 kwa plastiki yake yenyewe amehifadhi kipande cha historia ya barabara zetu, na anastahili ujira na jina la mhifadhi.

Basi naomba mambo matatu. Wewe mwenye gari, usitupe grili wala vipande vyake, na ukimpelekea fundi, lipia siku za maandalizi kama unavyolipia rangi. Wewe fundi, mwambie mteja ni plastiki gani kabla ya kumtajia bei, na ukatae kuipaka ile isiyokuwa tayari, hata akiharakisha. Na ninyi walimu wa vyuo vya ufundi, wapeni vijana somo la plastiki lenye uzito ule ule wa somo la bati. Magari ya miaka ya 1980 na 1990 yanayotembea barabarani leo yameshaanza kuingia katika umri wa magari ya kale, na yana plastiki nyingi kuliko 504 ilivyowahi kuwa nayo. Asiyejifunza kuitengeneza sasa, hatakuwa na cha kutengeneza baadaye.